Kibarua na Fundi: Habari za Mafundisho ya Kazi za Mikono Pande za Kigamboni

Katika vitabu vya jubilei ni desturi kuandika habari za maaskofu, mapadre na masista, habari za makanisa yaliyojengwa, na hesabu ya waliobatizwa. Mambo hayo ni mema, nayo yana mahali pake. Sisi tumepewa kazi nyingine iliyo ndogo zaidi, nayo ni kuandika habari za mikono. Maana kila kanisa katika jimbo letu lilijengwa na mikono ya watu, na kila mkono ulioshika mwiko au msumeno ulifundishwa na mkono mwingine uliotangulia. Tena Kigamboni ni mahali panapofaa kuyawaza mambo haya, kwa sababu ng'ambo hii ya maji, tangu miaka ya sitini ya karne iliyopita, imekuwa nchi ya matangi na mabomba, na wengi wa watu wake hupata riziki yao kwa kazi za mitambo.

Maneno mawili yatatuongoza. La kwanza ni kibarua, na la pili ni fundi. Asili ya neno kibarua ni barua ndogo, yaani kile kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, apate kuhesabiwa na kulipwa ujira wake. Mbele ya bwana wa kazi hakuwa na kitu kingine cha kumtambulisha. Karatasi ikipotea, na siku yake imepotea. Lakini fundi hutambuliwa kwa kazi yake. Mwondoe hapa, mpeleke mji mwingine asikojulikana, mpe chombo, na kabla jua halijatua watu watajua ni nani. Tofauti ya watu hawa wawili si nguvu, wala si kabila, wala si ukoo. Wote wawili wana mikono miwili. Tofauti yao ni mafundisho. Hilo ndilo neno letu katika makala hii, na habari zote zifuatazo ni ushahidi wake.

I. Mafundi wa pwani

Kabla haijafunguliwa shule yoyote, pwani hii ilikuwa na mafundi. Hata leo msafiri ashukaye pantoni akatembea ufukoni huona ngalawa zimelala mchangani. Ngalawa huchongwa kwa gogo, mara nyingi la mwembe, kwa tezo, kidogo kidogo, hata ubavu wake uwe mwembamba wa kutosha kuelea na mnene wa kutosha kupigwa na mawimbi. Kisha hutiwa mirengu ya kuizuia isipinduke. Majahazi yalikuwa na kazi kubwa zaidi, maana mbao zake ni nyingi, na kila nafasi kati ya ubao na ubao sharti itiwe kalafati, yaani pamba yenye mafuta ishindiliwe mpaka maji yasipate njia.

Kijana aliyetaka kujua kazi hiyo hakupewa kitabu, wala hakupewa tezo siku ya kwanza. Aliokota vibanzi, akashika upande wa pili wa msumeno, akatazama. Baadaye alipewa kipande kisicho na hatari, akikosea fundi akamwonyesha. Wahunzi nao walikuwa na desturi hiyo hiyo, ndiyo maana wazee husema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake, hata kabla hajaweza kufua chuma, yupo karibu na moto, mkono wake u katika mvukuto, na jicho lake laona chuma kinavyobadilika rangi.

Tuyatazame mambo matatu yaliyokuwamo katika mafundisho hayo. Kwanza, mwanafunzi alijifunza juu ya kitu chenyewe, si juu ya mfano wake. Pili, kosa lilionekana upesi, maana chombo kilichotiwa kalafati vibaya huingia maji, wala hapana maneno ya kukitetea. Tatu, mwenye kujua alisimama karibu na asiyejua, wala hakumtuma tu na kwenda zake. Mambo haya matatu tutayaona tena katika kila mahali palipotoka mafundi, na palipokosekana hata moja, tutaona vibarua.

II. Karakana za misioni

Wamisionari walipofika pwani walikuta ufundi huo, nao wakaleta wa kwao. Mwaka wa 1860 padre Fava, aliyetoka kisiwa cha Réunion, alifika Unguja pamoja na wenzake, na miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyaanza yalikuwa hospitali na karakana. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo, wakavuka hata Bagamoyo mwaka wa 1868, wakafanya kijiji cha watu waliokombolewa katika utumwa. Huko watoto walifundishwa kusoma na kusali, na kadhalika walifundishwa useremala, uashi, uhunzi na kilimo.

Haifai tuandike habari hizi kwa sifa tupu. Watoto wale hawakuulizwa wapendalo, na kazi ya mikono yao iliilisha misioni kama vile ilivyowafundisha wao. Lakini hatuna budi kukiri na jambo la pili. Mtu aliyeuzwa kama mzigo, alipokwisha kujua kuseremala, alikuwa na kitu ambacho mtu mwingine hakuweza kukichukua wala kukiuza. Kwa mtumwa ukombozi ulianza kwa kukatwa mnyororo, ukaendelea kwa kupata ujuzi.

Katika upande wetu, Roma ilianzisha eneo jipya la misioni kusini ya Zanzibari mwaka wa 1887, na mwaka wa 1888 Wabenediktini wakaweka kituo chao Pugu, katika vilima vilivyo nyuma ya Dar es Salaam. Kituo hakikudumu. Mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kilishambuliwa, na mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Waliobaki na waliokuja baadaye walihamia mjini penye bandari. Huko, kati ya mwaka wa 1897 na 1902, likajengwa kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo mnara wake huonwa na kila mtu avukaye kwa pantoni kutoka Kigamboni.

Watawa hao walishika kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo huhesabu sala na kazi kuwa mapacha. Katika nyumba zao bruda seremala au bruda mwashi hakuwa mtumishi wa mapadre. Alikuwa mtawa aliyeweka nadhiri, na karakana ilikuwa mahali pake pa utakatifu. Baadaye Peramiho, iliyoanzishwa mwaka wa 1898, na Ndanda, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, zikawa maarufu kwa karakana zao, na mafundi waliotoka huko wakaenea nchi nzima. Nasi tukilitazama kanisa la Mtakatifu Yosefu, tukumbuke kuwa limepewa jina la seremala.

III. Karani na seremala

Sasa twafika mahali pa kujilaumu. Serikali za kikoloni, ya Wajerumani kwanza, kisha ya Waingereza, zilitaka makarani, wakalimani na walimu. Karani alivaa nguo nyeupe, alikaa kivulini, na jioni mikono yake ilikuwa safi. Wazazi hawakuwa wajinga. Waliona mahali mshahara na heshima vilipo, wakawatuma watoto wao huko.

Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki ikitazama shule, na mmojawapo wa wajumbe wake alikuwa Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Taarifa yake ya mwaka wa 1925 ilitaka elimu ifuatane na maisha ya watu, pamoja na kilimo na kazi za mikono. Shauri hilo lilikuwa na wema ndani yake. Walakini Waafrika wengi walilipokea kwa mashaka, nao walikuwa na sababu. Waliuliza, mbona watoto wa watawala hawafundishwi jembe na randa? Waliogopa kuwa kazi za mikono ni njia ya kuwaweka chini daima. Mafundisho ya mikono yasiyofuatana na hesabu, na kuchora, na kujua sababu za mambo, kweli humfanya mtu awe chombo cha mwenzake.

Basi pande mbili zikakosea. Upande mmoja ulitaka mikono bila akili, na upande wa pili ukataka akili bila mikono. Wahenga walikwisha kutuonya, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Na Yoshua bin Sira, aliyeandika zaidi ya miaka mia kabla ya Bwana wetu, alimtazama mkulima, mchonga mihuri, mhunzi katika joto la tanuri, na mfinyanzi katika gurudumu lake, akasema kwamba watu hawa hawaitwi katika baraza, lakini pasipo wao hakuna mji uwezao kukaliwa. Sisi wenyewe, wa misioni, tuliyasoma maneno hayo, kisha tukamtuma seminarini au sekondari kijana aliyefaulu mtihani, na yule aliyeshindwa tukamwambia, wewe nenda useremala. Kwa kufanya hivyo tuliifanya karakana kuwa adhabu. Si ajabu kijana akiingia humo amenuna.

IV. Bandari na shule za ufundi

Wakati huo mji ulikuwa ukikua. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Bandarini maelfu ya watu walibeba mizigo kwa kazi ya siku. Asubuhi walisimama langoni, wengine wakachukuliwa, wengine wakarudi nyumbani na njaa. Mwezi wa Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli hata bara. Walidai ujira na haki, na madai yao yalikuwa ya kweli. Nasi twaona ndani yake shida ya kibarua tangu zamani, kwamba mtu ambaye kazi yake yaweza kufanywa na yeyote asimamaye langoni hana nguvu ila kwa kushikamana na wenzake.

Baada ya vita vya pili serikali ilianza kufungua shule za ufundi hasa. Ifunda, katika nchi ya Iringa, ilianza mwaka wa 1951, na Moshi mwaka wa 1957. Mwaka huo huo wa 1957 kilifunguliwa chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka wa 1997 huitwa Taasisi ya Teknolojia. Vijana wakajifunza magari, umeme, uashi, ufundi bomba na kufua chuma, pamoja na hesabu na michoro. Hapo mkono na akili vilianza kukaa meza moja. Lakini Uhuru ulipokuja mwaka wa 1961, mafundi wa nchi walikuwa wachache mno kwa kazi iliyokuwa ikingoja.

V. Mafuta yafika Kigamboni

Kazi yenyewe haikukawia. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya kusini, ikafungiwa mlango. Mafuta yakapelekwa kwa ndege, na kwa malori yaliyopita barabara mbaya ya Iringa na Mbeya, yenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Hapo ndipo lilipofanyika shauri la bomba. Mafundi wa Kitaliani wakalijenga bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, kutoka Kigamboni hata Ndola, nalo likamalizika mwaka wa 1968. Tangu mwaka wa 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta, TIPER, ambacho wakati huo kilikuwa ushirika wa Tanzania na Italia, kilikuwa kimeanza kazi Kigamboni. Basi mahali palipojulikana kwa minazi, samaki na ngalawa, paliinuka minara ya chuma na tanuri lisilozimwa usiku.

Msomaji asiyeijua kazi hiyo afikiri kidogo. Bomba la kilometa 1,710 hufanywa kwa vipande. Ikiwa kila kipande kina mita 12 hivi, viungo vyake vyazidi 100,000, na kila kiungo sharti kichomelewe na mkono wa mtu. Kiungo kimoja kikiwa kibaya, bomba zima ni bovu. Katika kiwanda cha kusafisha, mafuta machafu hupashwa moto tanurini, kisha huingia mnarani. Yaliyo mepesi hupanda juu kama mvuke, mafuta ya taa na dizeli hutoka katikati, na mazito hubaki chini. Kitabu chaweza kuyaeleza hayo kwa kurasa mbili. Lakini kitabu hakiwezi kumpa mtu sikio la kutambua pampu inayoanza kuugua, wala pua ya kujua uvujaji ulio mdogo, wala kiganja kijuacho kwamba chuma hiki leo kina joto kuliko jana.

Tutoe mfano mmoja ambao kila fundi wa mabomba ataukubali. Bomba na bomba huunganishwa kwa visahani viwili vya chuma vinavyokabiliana, na katikati yake gasketi ya kuzuia yasivuje, kisha hukazwa kwa boliti nane au zaidi. Mtu asiyefundishwa huanza boliti moja, akaikaza kwa nguvu zake zote, akaenda kwa jirani yake, akazunguka hivyo mpaka mwisho. Kwa macho kazi yake ni njema. Lakini gasketi imebanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, na siku msukumo wa mafuta upandapo, hapo ndipo patakapovuja. Fundi hukaza kidogo boliti ya juu, akashuka kwa ile ya chini iikabiliyo, kisha ya kulia, kisha ya kushoto, halafu hurudia mzunguko huo mara tatu au nne, kila mara akiongeza kidogo. Nguvu zake si nyingi kuliko za yule wa kwanza. Spana ni ile ile, na saa za kazi ni zile zile. Ila fundi anajua sababu, na mkono wake umezoea kuitii sababu hiyo. Mtu akimwambia tu kibarua, kaza kwa kukabilisha, bila kumwambia kwa nini, siku atakapokuwa na haraka atazunguka tena.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wa ngalawa hawakuwa nalo. Mwanafunzi wa chombo akikosea, maji huingia, naye hucheka na kuanza tena. Mwanafunzi wa mafuta akikosea yaweza kuwa ndiyo mara ya mwisho. Watu wengi hudhani tangi lililojaa ndilo la hatari, na tupu ni salama. Kumbe tangi lililokwisha kumwagwa, likabaki mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, ndilo lililo tayari kulipuka kwa cheche moja. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hulala mashimoni na katika mitaro, hungoja. Kwa hiyo hakuna mtu apaswaye kuchomelea mahali pa namna hiyo kabla hewa haijapimwa na kibali cha kazi ya moto hakijatolewa. Mambo haya hayafai kujifunzwa kwa kujaribu. Ndiyo sababu mafundisho ya wafanyakazi wa viwandani yataka karakana ya mazoezi, mahali ambapo kosa huharibu kipande cha chuma tu, wala haliui mtu. Kisha mwanafunzi huingia mtamboni, akasimama karibu na fundi, mpaka fundi aseme, sasa shika wewe.

VI. Fundisho la reli

Jirani yetu, ng'ambo ya pili ya maji, lipo fundisho jingine. Kwenye njia ya zamani ya Pugu, ambayo leo ni barabara ya Nyerere, kipo kituo kikuu cha reli ya TAZARA. Reli hiyo ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka wa 1970 na 1975, ikakabidhiwa mwaka wa 1976. Wachina walifanya kazi pamoja na maelfu ya Watanzania na Wazambia. Lugha zao hazikupatana, kwa hiyo mafundisho mengi yalikuwa ya vitendo, mmoja akifanya na wa pili akitazama, kisha wa pili akifanya na wa kwanza akitazama. Vijana 200 hivi walipelekwa Beijing kujifunza elimu ya reli. Vijana waliokuja na jembe na panga walitoka wamejua kuchimba mahandaki, kumwaga zege na kuendesha mashine kubwa.

Hata hivyo, kujenga ni jambo moja, na kutunza ni jambo jingine. Baada ya reli kukabidhiwa, injini zilisumbua na vipuri vilikuwa haba, na katika miaka ya themanini wataalamu wa Kichina walishika tena sehemu ya kazi pamoja na wenyeji. Hatusemi hivyo kuwalaumu waliojitahidi. Twasema hivyo kwa sababu watu wengi hufikiri mafundisho ni jambo la mwanzo tu, kama ubatizo, ambao hutolewa mara moja. Kumbe mafundisho ya kazi yafanana zaidi na sala. Yeye aliyesali jana sharti asali na leo. Mtambo hubadilika, huzeeka, huletwa mwingine, na fundi asiyeongezewa ujuzi hurudi kuwa kibarua bila yeye mwenyewe kujua.

VII. Ujuzi na wenye ujuzi

Mwishoni mwa miaka ya tisini kazi ya kusafisha mafuta Kigamboni ilikoma. Minara ilinyamaza, na TIPER ikabaki kuwa mahali pa kupokea na kuhifadhi mafuta. Hatutaingia katika sababu zake. Swali letu ni hili, ule ujuzi ulikwenda wapi? Mitambo huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, lakini ujuzi haununuliwi na mwenye mizani. Ulikaa katika watu. Fundi aliyejua kuchomelea bomba la mafuta aweza kuchomelea la maji, au nguzo za daraja. Aliyejua pampu moja hujifunza nyingine kwa siku chache. Kibarua wa kiwanda, mlango ukifungwa, hubaki nje yake. Fundi huondoka na kiwanda chake mikononi.

Wahenga wasema, ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini mwenye ujuzi huzeeka. Kijana aliyekuwa na miaka 25 mtambo ulipowashwa mwaka wa 1966 leo amepita miaka 80. Ikiwa hakupata mwanafunzi wa kusimama karibu naye, basi siku tutakayomzika tutazika na shule nzima pamoja naye, na katika hotuba ya mazishi tutataja tarehe zake na watoto wake, wala hatutataja kile alichokijua. Hilo ndilo jambo linalotuhuzunisha katika furaha hii ya jubilei.

Nchi haikukaa kimya. Mwaka wa 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na waajiri wakawekewa tozo ya kusaidia mafunzo hayo. Chang'ombe, upande wa Temeke, kipo chuo kilichotoa mafundi wengi wa mji huu. Zamani fundi alipimwa kwa majaribio ya ufundi, kutoka daraja la tatu hata la kwanza, na aliyejifunza kazini aliweza kujaribiwa kama aliyetoka shuleni. Leo pia upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao kwa huo mtu aliyejifunza gereji au kiwandani hupimwa kwa vitendo akapewa cheti. Twalisifu jambo hilo, maana laondoa dhuluma ya zamani. Kibarua alikuwa na karatasi bila ujuzi, na fundi wa mtaani alikuwa na ujuzi bila karatasi.

Tangu mwaka wa 2016 daraja lenye mita 680 limeunganisha Kurasini na Kigamboni, na mwaka huo Kigamboni ikawa na manispaa yake, iliyotoka Temeke. Nyumba zimeongezeka, matangi yameongezeka, na kila asubuhi vijana husimama tena malangoni kama babu zao walivyosimama bandarini. Jubilei katika Agano la Kale ilikuwa mwaka wa kila mtu kurudia urithi wake. Urithi wa vijana hawa ni nini, ikiwa ardhi imekwisha kuuzwa? Sisi twaona urithi mmoja ambao wazee wao wangali nao, na ambao hauwezi kuuzwa bila hiari ya mwenyewe.

Basi twaomba mambo matatu. Waajiri wa pande hizi wasihesabu siku za kumfundisha mtu kuwa hasara, bali kila fundi mkuu apewe kijana wa kusimama karibu naye, tena apewe saa za kumfundisha. Wazazi wasimpeleke karakanani mtoto aliyeshindwa tu, bali na yule mwenye akili nyingi, kwa maana mtambo nao wataka akili. Na parokia zetu, katika mwaka huu, ziwaite wazee wa mitambo, wa reli na wa bandari, wake kwa waume, ziandike waliyoyajua, na kuwaketisha mbele ya vijana, wapate kuonyesha kwa mikono yao yale ambayo maandishi hayawezi kuyashika.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka wa 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Hatujui njia iliyo fupi zaidi ya kulitimiza neno hilo Kigamboni kuliko kumtoa mtu katika ukibarua na kumfanya fundi. Mtakatifu Yosefu, aliyemfundisha Mwana wa Mungu kushika randa, atuombee, ili jubilei ijayo itakapoandikwa, waandishi wake wawe na habari za mikono mingi kuliko hizi zetu.